Kolamu nne, pampu moja: nilivyozifanya zinywe sawa

Nasafisha kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia) kwa kolamu, yaani bomba lililojaa shanga ndogo zinazokinasa, na bafa, kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi, hupita katikati yake. Nilianza kushuku pale kilele, yaani mchoro wa kimeng'enya kinavyotoka, kilipotokea na nundu. Kolamu ya aina hii, yenye shanga zile zile na bafa ile ile, ilikuwa imenipa kilele chembamba kwa miezi. Nilipoziweka nne pamoja, zikilishwa na pampu moja na kumwaga kwenye bomba moja, kimeng'enya changu kikatoka kimejitandaza, na ubavuni kikiwa na kilima kidogo kama mtu aliyebeba furushi.

Kwa nini nne badala ya moja kubwa? Swali la haki, na mara nyingi jibu ni kwamba moja kubwa inatosha. Kolamu yangu ya majaribio ilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 2.6 na shanga zilizojaa hadi kimo cha sentimita 20, yaani kama mililita 106. Niliipitishia mililita 20 kwa dakika, hivyo sampuli ilikaa ndani dakika tano na kidogo. Kuiongeza mara nne ningehitaji kolamu ya sentimita 5.2 tu, nayo si jitu. Lakini shanga zangu zilikuwa laini. Kwenye kolamu nyembamba ukuta huzishikilia. Ukipanua, zile za katikati hukosa pa kuegemea na kugandamizana. Pia nilitaka mtambo unaoingia kwenye kabati dogo, ambao kolamu ikichafuka naichomoa na zilizobaki zinaendelea na kazi. Basi nikaamua: nne sambamba, mililita 80 kwa dakika, kila moja ipate 20 zake.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila maji hayakuisoma.

Nilichomoa mirija ya kutokea, nikaweka silinda ya kupimia chini ya kila kolamu, nikaendesha pampu dakika tano. Nilitarajia mililita 100 kila mahali. Nilipata 118, 104, 95 na 83. Nilizitazama zile silinda nne zikiwa zimepangana kama ngazi, nikacheka peke yangu, maana hakuna picha ingeeleza nundu yangu vizuri kuliko hiyo. Kolamu ya kwanza ilikuwa inatema kimeng'enya wakati ya nne bado inajiandaa. Hasara nyingine ilikuwa kwenye upakiaji, yaani kuingiza sampuli ili shanga ziinase: inayokunywa haraka hujaa kwanza na kuanza kuvujisha, nawe inabidi usimame hapo hapo. Kwa ziada ya asilimia 18, nilikuwa naacha karibu asilimia 15 ya uwezo wa mtambo mzima bila kuutumia.

Kosa la kwanza lilikuwa la mabomba, na lilikuwa langu. Nilikuwa nimelaza bomba mama la milimita 1 kwa ndani, kolamu zikichomekwa moja baada ya nyingine, na bomba la kukusanyia nalo likitokea upande ule ule wa pampu. Kolamu ya kwanza ilikuwa na njia fupi kwenda na kurudi. Ya nne ilisafiri mara mbili. Kolamu zenyewe zilikula shinikizo la takriban bari 1 tu, kwa hiyo sehemu ndogo ya bari iliyopotea njiani haikuwa ndogo hata kidogo.

Nikafanya kinachomjia kila mtu kichwani: vali ndogo ya kurekebisha kwenye kila tawi. Usifanye hivyo. Ukibana moja, tatu zinabadilika. Ukigusa ya pili, ya kwanza inalalamika. Ni kama watoto wanne na shuka moja. Nilipoteza alasiri nzima, nikapata usawa wa kupendeza, na baada ya kuosha mtambo mara mbili usawa ukawa umeondoka na sikujua ni vali ipi imesogea.

Nikang'oa kila kitu. Safari hii bomba liligawanyika mara mbili kwa kiungio cha T, kisha kila tawi likagawanyika tena mara mbili, vipande vyote vikiwa vimekatwa kwa urefu mmoja, na upande wa kutokea hivyo hivyo. Silinda zikasema 106, 101, 99, 94. Bora zaidi, lakini bado. Nikabadilishana nafasi za kolamu ya kwanza na ya nne. Tofauti ikahama pamoja na kolamu. Jaribio hilo la dakika kumi lilinieleza kwamba mabomba yalikuwa safi sasa. Kilichobaki kilikuwa ujazaji wa shanga. Mkono wa binadamu haujazi kolamu nne zikafanana kabisa. Nilizijaza upya mbili, zikawa nzuri kiasi, nikaona nitazeeka.

Kilichonitoa hapo ni kitu ambacho mwanzoni nilikiona cha kijinga: kuongeza ukinzani kwa makusudi. Kama kolamu zinatofautiana kwa asilimia 6 juu na chini kwenye bari 1, basi ukitanguliza kwenye kila tawi mrija mwembamba unaokula bari 3, tofauti ile inagawanywa kwa nne. Inabaki asilimia 1.5. Mrija unakuwa mwamuzi, kolamu inafuata. Na kwa kuwa mrija uko kabla ya kolamu, shanga hazioni zile bari 3. Mzigo huo unabebwa na pampu peke yake.

Kwa maji ya nyuzi 20 na mililita 20 kwa dakika, mrija wa kipenyo cha ndani cha milimita 0.5 hula kama bari 2.2 kwa kila mita. Nilikata vipande vya mita 1.4. Hapa pana mtego: ukinzani hufuata kinyume cha kipenyo kwa kipeo cha nne. Mrija wa 0.48 badala ya 0.50 unakinza zaidi kwa takriban asilimia 18, na jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Kwa hiyo vipande vyote vinne vitoke kwenye roli moja, vikifuatana. Urefu hauna shida. Ukikosea milimita tano hakuna atakayejua. Nilivizungusha vyote kwenye kijiti cha unene mmoja, maana mrija uliokunjwa hukinza kuliko ulionyooka. Silinda zikakaa kati ya 98 na 102. Nundu ikaisha.

Lililonichelewesha baada ya hapo ni ukimya wa mtambo. Kolamu moja ikiziba kwenye mfumo wa kawaida, shinikizo linapanda na unajua. Zikiwa nne, moja ikipatwa na kiputo cha hewa, maji yanahamia kwa jirani zake na pampu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiwa na mirija ya kukinza, kolamu ikiziba nusu tu, ongezeko la shinikizo kwa asilimia ni dogo zaidi, na siku ya baridi maji yenye mnato mzito yanalifunika kabisa. Dawa yangu ilikuwa kipima upitishaji umeme kidogo chini ya kila kolamu. Ninapobadilisha kutoka bafa nyepesi kwenda ya chumvi, ambayo hupitisha umeme zaidi, mistari minne inapanda kwenye skrini. Ikipanda pamoja, naendelea. Mmoja ukichelewa, najua ni nani na kwa kiasi gani, bila kuchomoa kitu.

Mwezi uliopita nikaombwa niongeze kolamu mbili. Mti wa matawi mawili mawili unatoa nne au nane, sita haujui. Nilikuwa tayari kuchora nane na kuziba mbili, ndipo nikakumbuka kwamba mirija sasa ndiyo inayoamua, si matawi. Nikachongesha kitufe cha plastiki chenye tundu moja katikati na sita kuzunguka, kila tundu na mrija wake kutoka roli ile ile. Mti wote, na viungio vyake vinavyovuja, niliutia kwenye sanduku.