Omakase ya elfu 40, hapa hapa Dodoma

Kuna watu ukiwatajia sushi, ule wali wa Kijapani wenye kipande cha samaki juu, hapa Dodoma wanacheka kwanza, alafu wanauliza samaki mbichi katokea wapi wakati bahari iko Dar, kilometa kama 450 huko. Swali ni la haki na ntalijibu. Ila niseme mapema kwamba nimekula omakase Ilazo kwa elfu 40 kwa kichwa, chai humo humo, na nimetoka pale nimeshiba na nimeridhika kuliko hoteli zinazotoza mara mbili ya hiyo.

Kwa ambaye hajawahi, omakase ni kula sushi kwa kumwachia mpishi achague, hakuna menyu. Unakaa kaunta, mpishi yuko mbele yako, anakupa kipande, unakula, anakupa kingine, mpaka yeye aseme basi. Tokyo zipo sehemu ambazo jioni moja ni yen elfu 30 na kuendelea kwa mtu mmoja, ndo maana watu wameshaamini hiki ni chakula cha mabosi. Lakini Tokyo hiyo hiyo wana omakase za mchana za bei ya kawaida na wana vibanda ambavyo watu wanakula wamesimama, na kiukweli hivyo vya kusimama ndo viko karibu zaidi na asili, maana sushi ya kukandamiza wali kwa mkono ilianzia barabarani, kwenye mji wa Edo ambao ndo Tokyo ya leo, miaka ya 1820 hivi. Jina linalotajwa sana ni Hanaya Yohei. Mtu anapita kibandani, anakula viwili vitatu, anaendelea na shughuli zake.

Hapa Ilazo ni chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, kaunta ya mbao, siti 6, feni moja. Mpishi ni kijana wa hapa hapa, alifanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Kijapani Dar kabla hajarudi nyumbani. Anafungua Ijumaa na Jumamosi usiku tu.

Nilimuuliza bei inawezekanaje na jibu lake ndo limenifanya niandike hii. Akasema kaka, ukiwa na menyu lazima uwe na samaki aina 15 kwenye friji wanamsubiri mteja ambaye labda haji, na hao wanaoharibika wanalipiwa na wewe unayekula. Yeye anajua watu 6, ananunua vya watu 6, na ananunua kile ambacho Feri, soko la samaki la Dar, kimeshuka kwa wingi siku anayonunua, jodari akipanda bei anachukua kolekole na vibua, basi. Ndo anavyofanya mama ntilie yeyote pale Majengo, anaamkia sokoni kwanza ndo anajua leo anapika nini. Yaani kumwachia mpishi achague, ambako sisi tunakuona ni anasa, ndiko kunakoshusha gharama.

Sasa swali la samaki. Chochote kitakacholiwa kibichi anakigandisha kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7 kamili, kwa sababu kuna minyoo ya samaki wa baharini ambayo siki na chumvi peke yake haziiui ila baridi hiyo inaiua. Kwa hiyo jodari unayemla leo kanunuliwa wiki nzima nyuma au zaidi. Kamba na pweza ndo wanakuja na basi kwenye boksi la barafu, na hao wanachemshwa. Samaki wa maji baridi kama sato na kambale wa bwawa la Mtera hawaliwi wabichi kwake hata umlipe zaidi, na naomba mtu yeyote anayejaribu haya mambo nyumbani alishike hilo.

Na hapa ndo pananigusa. Wale wa Edo hawakuwa na friji. Jodari walimloweka kwenye soya sosi, samaki wa jamii ya vibua wakamtia chumvi na siki, pweza na kamba wakachemsha, yaani nusu ya ufundi wa sushi ni ufundi wa watu waliokuwa wanahangaika samaki asiharibike. Sasa mji gani unafaa ufundi huo kama huu wetu wa joto na vumbi, mbali na bahari?

Tulinawa mikono, tukakaa. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja mstaafu kaletwa na binti yake, mpishi akamwamkia shikamoo mzee, karibu sana, mzee akaitika marahaba alafu akauliza moja kwa moja, "Mwanangu, utanipa na kilichoiva lakini?" Akajibiwa vipo vingi mzee wangu, na ukiona hiki hukiwezi niambie tu, nakubadilishia.

Kolekole alikuja wa kwanza, mwepesi, juu kanyunyiziwa ubuyu wa unga kidogo na chumvi badala ya ndimu, na ule uchachu wa ubuyu haurukii puani, unakuja taratibu wakati samaki anaisha mdomoni. Wali ulikuwa wa vuguvugu, joto la mkono, na hili watu wengi hawalijui, wamezoea sushi za friji za supamaketi ambazo wali umeganda kama udongo. Wali ndo sushi yenyewe. Ukiwa sawa, hata samaki wa kawaida anapanda daraja. Soya sosi anapaka yeye kwa brashi, huchovyi, na unakula kwa mkono hapo hapo anapoweka. Wajapani wenyewe kwa mkono wanakula bila shida, kwa hiyo aliyekuwa anaogopa vijiti aondoe hofu.

Jodari aliyelowekwa alikuwa mwekundu wa kukoza, mzito, na chumvi imeingia ndani. Kibua cha siki kilikuwa kikali na kwangu mimi ndo kipande bora cha usiku mzima, samaki wa bei ya chini kabisa kati ya wote waliopita pale. Pweza alikuwa mgumu kidogo, nisifiche. Katikati unapewa tangawizi ya siki kusafisha mdomo, na ile wasabi, kiungo cha kijani kinachowasha, akatueleza kwamba ya madukani mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi, kwa hiyo anaweka chembe tu.

Alafu akaja kambale. Kachomwa mkaani, kapakwa mchuzi mtamu wa soya, kawekwa juu ya wali pale ambapo Japani wangeweka mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mkunga wa Kijapani aliingizwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2014, na Chuo Kikuu cha Kindai huko huko wamefuga kambale wakamlisha kwa namna ya kumfanya akaribie ladha ya mkunga, kwa hiyo kijana wa Ilazo hajafanya masihara. Mzee alikula, akanyamaza, akaomba cha pili. Akapewa.

Mwisho ni yai tamu la kukunja matabaka, supu ya miso (soya iliyochachushwa), na chai ya kijani. Anayetaka mvinyo mweupe wa zabibu za hapa Dodoma ananunua pembeni, na kwa kibua kile ulikuwa unakaa vizuri sana.

Ukitaka kwenda, lipia kabla ya Jumatano ili ajue idadi, mwambie mapema kama una aleji ya kamba au hauli kitu fulani, na fika saa 1 na nusu usiku kabisa maana wote mnaanza pamoja na wali haungoji mtu. Parking hakuna, chukua bajaji.