Ukuta wa Birwood

Barua ya bima ya gari imeingia juzi. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, lakini tangu nihamie Southfield, kitongoji kilicho kaskazini ya barabara ya 8 Mile, mpaka wa mji wa Detroit, Marekani, bei imeshuka hadi nikadhani wamekosea hesabu. Kumbe wanaangalia unalala wapi. Nikamkumbuka Babu.

Nilikuwa namhudumia kwake Detroit, mtaa wa Birwood: dawa, kuoga, kumsomea barua. Alasiri moja ya jua kali akataka nimsukume na kiti chake cha magurudumu hadi kiwanja cha watoto. Pembeni pana ukuta wa zege, kimo chake futi 6, umechorwa picha tele: watoto wanapuliza mapovu ya sabuni, Rosa Parks, yule mwanamke Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti, anapanda basi. Nikazisifu rangi.

"Binti, weka mkono."

Nikaweka. Ulikuwa wa moto, na rangi ilipobanduka zege lilinikwaruza kiganja. Naye akaweka wake, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akauacha hapo muda mrefu.

Ulijengwa 1941, akasema. Mjenzi mmoja alitaka kuwauzia Wazungu nyumba upande wa pili. FHA, shirika la serikali kuu la kudhamini mikopo ya nyumba, likakataa: Weusi wako karibu mno. Akasimamisha ukuta wa karibu nusu maili, udhamini ukatoka. Babu na wenzake walikuwa wakiupanda na kutembea juu yake, mikono wameitandaza, hadi mama zao wapige kelele.

"Mlijua ni wa nini?"

"Wa kuchezea. Tulikuwa watoto."

Baadaye Wazungu wakavuka 8 Mile, viwanda vikafuata. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ikavikinga vitongoji visilazimishwe kuchanganya shule zao na za mji. Mji uliokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950 sasa haufiki hata 700,000. Pande zote mbili za ukuta leo wanaishi Weusi.

Njiani kurudi nikamwambia nimepata nyumba Southfield. Nilitegemea anune. Akacheka mpaka akakohoa: wanawe wote wako hukohuko, na kila sikukuu wanamsihi auze ile yake. Amuuzie nani na kwa bei gani, hilo hawamwambii.