Tarehe 5 Januari: siku moja ya kazi Syracuse

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu inalia chini ya mto. Nje theluji imefika magotini. Upepo unaitoa Ziwa Ontario, na watu wa hapa Syracuse, jimbo la New York, wameizoea kama sisi kwetu Kenya tulivyozoea matope ya Vihiga mwezi wa nne. Navaa soksi mbilimbili, nachemsha chai ya maziwa, naitia kwenye thamosi. Leo ni siku ninayoingoja tangu Krismasi. Tarehe kama hii mwaka 1893, kule North Carolina, katika mji ambao leo unaitwa Carrboro, alizaliwa Elizabeth Nevills. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Libba Cotten, mpiga gitaa na mwimbaji.

Saa kumi na mbili. Basi limechelewa. Nimesimama kituoni na wenzangu wa zamu za asubuhi, kila mtu kajikunyata.

Saa moja kamili. Nafika kwa bibi ninayemtunza. Ana miaka 88, miguu haimbebi tena. Kazi yangu ni kumwamsha polepole, kumpima shinikizo la damu, kumwogesha, kubadilisha shuka, kumpa uji na dawa zake. Nikimaliza kumvisha namsogeza dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, kisha naweka santuri. Yeye ndiye aliyenijulisha kwa Libba, mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilikuwa namchana nywele siku ile. Gitaa lilipoanza, mkono wangu ukasimama na kitana hewani.

Nilichosikia ni nyumbani. Baba yangu alikuwa mpigaji wa omutibo, ule mtindo wa gitaa wa George Mukabi wa magharibi mwa Kenya: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba, na rafiki amekaa pembeni anagonga chupa tupu ya Fanta. Huyu mama wa Marekani naye besi yake haikatiki, na juu yake wimbo unatembea peke yake. Nilidhani ni watu wawili wanapiga. Bibi akacheka, akaniambia ni mmoja, tena wa mkono wa kushoto.

Mimi pia ni wa kushoto. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alinichapa vidole kwa rula mpaka nikaandika kwa kulia. Gitaa la baba nililipiga kwa kuibia, nyuma ya jikoni, nimeligeuza, nyuzi nikaziacha zilivyo. Libba alifanya vilevile akiwa mtoto. Kaka yake akienda kazini, yeye alichukua banjo ya kaka, akaipindua, akajifunza mwenyewe bila kubadilisha uzi hata mmoja.

Wasiopiga gitaa naomba wanielewe hapa, maana ndipo ufundi wake ulipo. Gitaa la kawaida, nyuzi nene ziko juu, karibu na uso wako, ndiyo maana gumba hupiga besi. Ukiligeuza, nene zinakwenda chini na nyembamba zinakuja juu. Kwa hiyo Libba alipiga besi kwa kidole cha shahada, na gumba, kile kidole kizito, ndicho alichokipa kazi ya kuimba. Jaribu uone. Mimi imenichukua miaka miwili, na bado gumba langu linatumbukia kwenye uzi wa jirani.

Saa sita mchana. Nimemkabidhi bibi kwa mwenzangu, niko kwenye nyumba ya pili. Hapa nafua, napiga pasi, nasafisha vyoo na jiko. Mashati ni kumi na mawili. Ukosi kwanza, halafu mabega, mikono, mgongo. Nikipiga pasi ndipo namfikiria Libba zaidi, kwa sababu maisha yake mengi yalipita hapahapa niliposimama.

Akiwa msichana mdogo alipita mlango kwa mlango akiuliza kazi, mama mmoja akamwajiri kwa senti 75 kwa mwezi. Gitaa alilolitaka liliuzwa dola 3.75. Hata angeweka kila senti, hiyo ni mishahara ya miezi mitano. Akalinunua. Akatunga "Freight Train", wimbo wa treni ya mizigo iliyopita karibu na kwao, naye hajafika hata miaka kumi na mitatu. Akaolewa angali kijana, akapata binti mmoja, Lillie. Kanisani wakamwambia aache nyimbo za dunia. Akaacha. Gitaa likakaa kimya miaka mingi.

Hapo moyo wangu huwa unauma, kwa kuwa baba naye alipookoka wazee wa kanisa walimwambia maneno hayohayo. Akalipandisha gitaa darini.

Miaka ya 1940 Libba alikuwa Washington, anauza wanasesere katika duka kubwa la Lansburgh's. Siku moja akamwona mtoto wa kike anahangaika, amepotezana na mama yake. Akamrudisha. Mtoto alikuwa Peggy Seeger, na mama ni Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki. Ndipo akapata kazi ya ndani kwa akina Seeger, nyumba ambayo magitaa yalikuwa yakining'inia ukutani. Peggy akaja kumkuta amelishusha moja, analipiga.

Waandishi wengi wakifika hapa huandika kwamba "aligunduliwa". Neno hilo silikubali. Libba hakuwa amepotea. Aliyepotea pale dukani ni mtoto, na Libba ndiye aliyemwona. Alikuwa kazini miaka yote ile, anapika, anafua, anapiga pasi, na vidole vyake vilikuwa na kumbukumbu yao. Mtu anayesema wimbo ulikufa miaka ile yote hajawahi kupiga pasi mashati kumi na mawili huku kichwani mwake kuna wimbo.

Saa nane kasoro. Nakula wali na maharage niliyobeba, nampigia mama. Kwao imekaribia saa nne usiku.

"Mmeshindaje, mama?"

"Salama, mama. Umekula?"

Namuuliza kuhusu gitaa. "Lipo darini," anasema. "Panya hawajaligusa. Baba yako hataki liuzwe." Kisha ananiuliza kama nimevaa kofia.

Saa kumi jioni. Giza linaingia mapema huku. Nashuka basi kona ya barabara za South State na Castle, kwenye kibustani chenye jina lake. Libba alihamia Syracuse 1978, akanunua nyumba kwa pesa za muziki wake, akaishi hapa hadi alipofariki Juni 1987, akiwa na miaka 94. Mwaka 2012 wakamwekea sanamu ya shaba. Theluji imemfunika. Navua glavu, nampangusa mabegani, nalipangusa gitaa. Shaba ina baridi ya kuchoma. Nasimama dakika tano hivi, magari yanapita.

Nikitazama sanamu hii nakumbuka pia deni. "Freight Train" ulipovuma Uingereza 1957, watu wengine walikuwa wameshausajili kwa majina yao, na ulihitajika mvutano ndipo jina lake likatambuliwa. Mwaka uliofuata ikatoka santuri yake mwenyewe, aliyorekodiwa na Mike, kaka yake Peggy. Alipopewa tuzo ya Grammy mwaka 1985 alikuwa na miaka 92. Nafurahi aliipata. Ila ilichelewa mno.

Saa moja usiku. Chumba cha chini cha kanisa. Nafundisha gitaa watoto sita, wengi ni wa familia za Kongo waliokuja kama wakimbizi. Hapa hakuna anayeambiwa gitaa ni la dunia. Leo nimewasikilizisha "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, iliyorekodiwa Katanga mwaka 1952, halafu Libba. Nimewaambia Libba alipiga katika tamasha la muziki la Newport, hapa Marekani, mwaka 1964, na Mwenda akapanda jukwaa la hukohuko mwaka 1969. Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alikaa chini na koti lake, akaanza kuufuatisha "Masanga" kwa mdomo.

Msichana wa miaka tisa alikuwa amelishika gitaa kwa kulia, anakunja uso. Nimemwona wiki tatu sasa akichora kwa kushoto.

"Ligeuze," nikamwambia.

"Mama mwalimu, nyuzi zitakuwa kinyume."

"Ziache."

Akaligeuza. Nikamshika kidole cha shahada, nikakiweka kwenye uzi mnene wa chini: moja, mbili, moja, mbili. Gumba likawa halijui pa kwenda. Dakika ishirini tulizipitisha kwenye hatua nne tu. Kisha gumba likaugusa uzi wa juu kwa wakati wake, mara moja. Akainua uso kunitazama, akarudia.

Saa nne usiku. Nimeoga. Nimepiga kidogo, taratibu, jirani wa juu ana mtoto mchanga. Vidole vimepasuka kwa sabuni na baridi. Navipaka mafuta, ila si cha shahada wala gumba la kushoto. Nyuzi hazipendi mafuta, na kesho saa kumi na nusu naamka tena.