Kikao cha Kutua Moyo: Kabla Hujawaalika

Wanawake wa Mombasa hawakuanza jana kuponyana. Somo, yule kungwi wa mwari, alikuwepo, na lelemama haikuwa ngoma tu, ilikuwa jumuiya ya wanawake wenyewe. Kilichopungua siku hizi ni mahali pa kusema bila kukatizwa, na ndiyo kazi ya kikao hiki.

Alika wanawake 6, wasizidi 8. Wakifika 12, watakaosema ni wale wale wawili. Usimweke mtu na wifi yake mkeka mmoja, wala mavyaa wake. Na usikichanganye kikao na siku ya mchezo wa pesa, ule wa kuchangiana kwa zamu: aliyekosa mchango wa mwezi atajificha, na huenda ndiye aliyelemewa zaidi.

Wakati mzuri ni baada ya alasiri, saa 10 hadi saa 12, ili wenye kuswali waiwahi magharibi. Simu zote kikapuni. Anzeni na pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, dakika 5. Pumzi ya kutoka ikirefushwa, moyo hupunguza kasi. Anayeona kizunguzungu apumue kawaida tu. Dua kila mtu aombe kimoyomoyo, Muislamu na Mkristo kwa pamoja.

Kisha kila mmoja apewe dakika zake 8. Akimaliza mapema, kimya kilichobaki ni chake pia. Hapa ndipo vikao vingi huharibikia: mmoja anarukia "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo", mwingine anasema ni jini, na msemaji anajifunga kabisa. Ushauri utolewe ukiombwa, basi. Akilia, msimkimbilizie leso. Iwekwe karibu, aichukue mwenyewe. Leso ya haraka ni adabu ya kumwambia anyamaze.

Siri ndiyo kazi ngumu, na viapo havisaidii sana mji huu. Kanuni inayofaa ni hii: mkikutana sokoni Marikiti, hata yeye mwenyewe msimuulize yale aliyoyasema.

Tena kikao si hospitali. Aliyebakwa afikishwe hospitali ndani ya saa 72, na kila akiwahi ndivyo bora, maana dawa za kuzuia VVU hazianzishwi baada ya hapo. Kwa msaada wa ukatili wa kijinsia, 1195 hupigwa bure. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Chai na mahamri vije mwisho. Vikitangulia, mtazungumza harusi ya Jumamosi mpaka adhana.