Daraja tunaloliandika ni la kipande tulichokiona

Kinyama cha ubongo kilichotolewa kwa sindano hufika mezani kwetu, sisi madaktari wa patholojia, ndani ya kichupa cha fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), uzi mweupe wenye urefu wa sentimita moja hivi na unene wa milimita moja au mbili, na mteknolojia hukidondoshea tone la rangi ya eosini kabla ya kukiweka kwenye kaseti, kijisanduku chake cha plastiki, kwa sababu kisipotiwa rangi hakionekani tena ndani ya nta kinamogandishwa ili kikatwe. Uzi huo ndio tunaoutaka utuambie kama glioma ya mgonjwa, yaani uvimbe unaotokana na seli za ubongo zinazotegemeza neva, ni ya daraja la 2, la 3 au la 4 lililo kali kuliko yote, na jibu letu huamua kama ataanza mionzi na temozolomaidi (dawa ya saratani) upesi au atafuatiliwa kwa MRI kila baada ya miezi kadhaa.

Tatizo ni kwamba glioma haifanani kote. Upande mmoja utakuta seli zimetawanyika kwa utulivu katikati ya tishu ya ubongo isiyo na ugonjwa, na sentimita mbili kutoka hapo seli zinagawanyika kwa wingi, vimishipa vya damu vimejirundika, na kuna eneo lililokufa ambalo seli hai zimejipanga kulizunguka kama ua wa miti. Sindano ikipita upande ule mtulivu, nitaandika daraja la 2 kwa haki kabisa, ilhali ugonjwa alionao mgonjwa ni wa daraja la 4.

Mwaka 2001 madaktari wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 81 wa glioma waliotolewa kinyama kwanza, kisha wakafanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe. Majibu ya mara ya kwanza na ya pili yalitofautiana katika visa 40 kati ya 82. Slaidi za kinyama ziliposomwa upya na wabobezi wa patholojia ya ubongo tofauti ilipungua, lakini ilibaki zaidi ya theluthi moja, na kwangu hilo ndilo la kuzingatiwa zaidi, kwa kuwa jicho la mbobezi haliwezi kusoma kisichokuwemo kwenye slaidi.

Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umepunguza hatari hiyo kwa kiasi: astrositoma (aina mojawapo ya glioma) ya mtu mzima isiyo na badiliko la jeni za IDH huhesabiwa glioblastoma, yaani glioma ya daraja la 4, ikikutwa na badiliko katika kianzishi (sehemu inayowasha jeni) cha jeni ya TERT, hata kama hakuna eneo lililokufa. Hata hivyo vipimo hivyo bado havipatikani katika maabara nyingi za kwetu, na pale vilipo, kinyama chenye seli chache mno za uvimbe kinaweza kushindwa kutoa jibu.

Kwa hiyo naomba sana daktari wa upasuaji aniandikie mahali sindano ilipofika. Siku moja nilipokea fomu yenye maneno mawili tu, "uvimbe ubongoni". Chini ya hadubini niliona glioma tulivu, lakini mgonjwa alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu na kichwa kilikuwa kimemsumbua kwa wiki chache tu, jambo ambalo halikuendana na nilichokiona. Nilimpigia simu mpasuaji, akanieleza kwamba MRI ilionyesha pete inayong'aa baada ya mgonjwa kudungwa gadolinium, dawa ya kung'arisha picha, ila pete hiyo ilikuwa karibu na eneo la usemi, hivyo akachukua kinyama pembeni yake kwa usalama. Ulikuwa uamuzi unaoeleweka, nami nilipaswa kuujua kabla ya kusoma slaidi.

Niliandika daraja la 2, na chini yake nikaongeza kwamba kipande hakikutoka kwenye sehemu inayong'aa na kwamba daraja la juu zaidi bado linawezekana. Tulikaa pamoja mbele ya picha, tukakubaliana achukue kingine kutoka kwenye ukuta wa pete, si katikati yake ambako kuna seli zilizokufa tu. Kinyama cha pili kilikuwa kimejaa vimishipa vilivyojirundika.