Kamera ya kurudia nyuma kwenye Lamborghini iliyotumika: uzoefu wangu Dubai

Nianze na jibu, maana vijana wa kwetu walioko huku kwenye shughuli za magari wananiuliza sana: je, kamera ya kurudia nyuma ina faida kwenye gari la spoti lililotumika? Inayo, tena kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ila usinunue gari lenye kasoro kwa sababu tu lina kamera, wala usiache gari zima kwa sababu haina. Haya nayasema baada ya kumtafutia Ami yangu Lamborghini Huracán hapa Dubai, kuifunga kamera nikiwa na fundi wa umeme, kisha kuliegesha gari hilo mwenyewe kila wiki, maana Ami hapendi pakingi za chini ya ardhi.

Kazi yangu ni kukagua magari kabla ya mtu kutoa pesa. Ami aliponiita aliniambia maneno machache tu: “Mwanangu, nimefika umri wa kujipa ninachokitaka. Nitafutie gari, lakini lisije likanitia aibu.” Tukachuja, yakabaki mawili.

La kwanza lilikuwa la speki za Ghuba, yaani lililotengenezwa kwa soko la nchi za huku, la mwaka 2016. Huduma zake zote zimeandikwa, lina lifti ya kuinua pua, kamera halina. La pili lilitoka Marekani, jipya zaidi, bei yake chini, na kamera ya kiwandani ipo. Kamera ile si kwamba mnunuzi wa mwanzo aliichagua. Sheria ya Marekani inataka kila gari dogo jipya lililotengenezwa kuanzia tarehe 1 Mei 2018 liwe nayo. Kwa Huracán za mwanzo kamera ilikuwa nyongeza ya kulipia, na wengi hawakuilipia. Ndiyo maana ukizunguka shoorumu za hapa utakuta magari ya aina moja, rangi moja, hili linayo, lile halina.

Ami akavutwa na la Marekani. “Gari la pesa zote hizi linakosaje kamera? Hata Prado ya mama watoto inayo.”

“Ami, acha kwanza nikaone hiyo kamera inaonyesha nini.”

Hapa ndipo nataka mnunuzi yeyote aweke akili. Nilisimamisha gari katikati ya mistari miwili ya maegesho, matairi yamenyooka, nikavuta kile kishikio cha R kilicho kati ya viti. Picha ikatokea kwenye dashibodi nyuma ya usukani, maana Huracán za kabla ya 2019 hazina skrini ya katikati. Mistari ya sakafuni iko sawa, mistari ya mwongozo kwenye picha imelalia kulia. Halafu kona moja ya picha ina ukungu, na ukungu ule hautoki kwa kufuta kwa sababu uko ndani ya lenzi. Kamera ya kiwandani haijipindi yenyewe wala haiingii maji bure. Nikachukua tochi, nikalala chini. Vichwa vya skrubu za bampa la nyuma vilikuwa vimekwanguliwa na bisibisi, na upande mmoja kibano kinachoshika bampa hakikuwa cha asili. Gari lile liligongwa nyuma, likatengenezwa, na muuzaji hakulitaja hilo. Kwa hiyo ukienda kukagua gari lenye kamera, usitazame tu kama inawaka. Itazame kama inatazama sawa.

Tukachukua la Ghuba. Ami alikuwa bado ana shaka, nikamwambia kwa nini sina wasiwasi: kamera ni kitu cha kufunga baadaye, kwa pesa ambayo ukiipima na bei ya gari huioni. Lifti ya pua ni mabomba, pampu, shoku zake na kompyuta yake. Gari lililotoka kiwandani bila lifti, kuja kuiweka yote hiyo baadaye ni kazi ambayo mimi simshauri mtu. Ukilazimika kuchagua kati ya gari lenye lifti na lenye kamera, chukua lifti.

Sasa kwa nini kamera basi? Anayeendesha Corolla hawezi kuelewa mpaka aketi ndani. Huracán ina urefu wa kwenda juu wa milimita 1,165 tu; mtu mzima akisimama kando yake, paa liko chini ya kifua. Umekaa karibu na lami, injini ya silinda 10 iko nyuma ya mgongo wako, na kioo cha ndani kinaona nje kwa kupenya kwenye mbavu za kifuniko cha injini. Unaona vipande. Taa za gari la nyuma unaziona, nguzo ya pakingi unaiona nusu, kitu kilicho chini ya kiuno cha mtu hukioni kabisa. Tatizo hili ni la zamani kama magari yenyewe. Valentino Balboni, dereva wa majaribio wa Lamborghini kwa miaka mingi, alijulikana kwa namna alivyoirudisha nyuma Countach, Lamborghini ya zamani: mlango uko juu, amekalia kizingiti, mwili nje, anatazama nyuma kwa macho yake. Countach milango yake inakwenda juu. Ya Huracán inafunguka kwa pembeni kama ya gari lolote, kwa hiyo kwenye pakingi nyembamba hata njia hiyo huna.

Na mimi sizungumzii kukwangua rangi ya gari tu. Ile sheria ya Marekani imepewa jina la mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, aliyefariki mwaka 2002 nyumbani kwao New York, baba yake mwenyewe alipokuwa akirudisha gari bila kumwona. Bunge lao likapitisha sheria, ikasainiwa mwaka 2008, na ikachukua miaka 10 zaidi mpaka kila gari dogo jipya likawa na kamera. Kwa Ami kuna wajukuu. Siku za Ijumaa ua mzima unajaa watoto na baiskeli zao, na ngurumo ya gari lile badala ya kuwafukuza inawaita. Hili ndilo lililonifanya nisiliachie gari litoke uani bila jicho la nyuma, hata kama hakuna pakingi yoyote duniani.

Fundi niliyemtumia yuko Al Quoz, eneo la viwanda na gereji hapa Dubai, kijana wa Kitanzania mwenye mkono mwepesi. Tulikubaliana mapema: hakuna kutoboa, hakuna kukata waya wa kiwandani. Gari la aina hii litauzwa tena, na mkaguzi atakayefuata ataangalia kama nilivyoangalia mimi. Kamera tukaiweka kwenye nafasi ya taa ya namba, mahali ambapo imekaa bila tundu jipya. Picha tukaipeleka kwenye kioo cha ndani chenye skrini, kinachovishwa juu ya kile cha asili. Vipo vifaa vya kuingiza picha kwenye dashibodi yenyewe, lakini vinaingilia mawasiliano ya kompyuta za gari, nami sikutaka. Isitoshe, kwenye lile gari la Marekani nilikuwa nimegundua kero: ukizungusha usukani kwa kona kali, mikono ya usukani inapita mbele ya picha, na hapo ndipo unapoihitaji zaidi. Kioo cha juu hakizibwi na kitu.

Kazi iliyokula muda ni umeme. Tulipochukua moto kutoka kwenye taa ya rivasi, picha ikawa inapepesa kama taa ya neoni inayokufa. Magari mengi ya sasa hayapelekei taa umeme wa mfululizo, yanaupeleka kwa mapigo ya haraka ambayo jicho halioni ila kamera inaona. Fundi akaweka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme: taa ya rivasi ikabaki kazi yake kutoa ishara tu, na moto wenyewe ukatoka kwenye fyuzi kupitia kishika fyuzi cha ziada. Picha ikatulia. Waya wa kwenda mbele tukauvisha mfuko wa kuzuia joto na kuufungia kwenye njia ileile ya nyaya za kiwandani, mbali na ekzosi. Ukiona fundi anapitisha waya mtupu karibu na injini ile, mzuie, maana hautamaliza kiangazi. Jambo jingine dogo: kamera nyingi za dukani zina kitanzi cha waya mwembamba kinachogeuza picha. Ya nyuma lazima ionyeshe kulia kwako kuwa kulia, kama kioo. Hakikisheni kabla bampa halijarudishwa.

Faida kubwa ya kamera ile sikuitegemea iwe hapo ilipo. Nilidhani italinda nyuma ya gari. Kumbe inalinda mbele.

Niwaeleze. Sehemu inayoumia kwenye magari haya ni mdomo wa chini wa bampa la mbele. Pakingi za hapa zimejaa vizuizi vya matairi, vya mpira au saruji, vilivyolala mwisho wa kila nafasi. Ukiingia kwa pua, mdomo unafika kwenye kizuizi kabla ya tairi. Sensa za bampa hazisaidii sana, kwa sababu zinatazama mbele, na kizuizi kimelala chini ya upeo wake. Na hata ukiingia salama, ukiwasha asubuhi ya pili lifti iko chini, umesahau, unakwangua unapotoka. Ukiingia kwa nyuma mambo yanageuka: difyuza, yaani sehemu ya chini ya bampa la nyuma, iko juu kuliko mdomo wa mbele, na pua inabaki kutazama njia. Kutoka ni kunyanyua lifti na kwenda, huku unawaona wanaopita.

Kila mtu anajua kwamba kuingia kwa nyuma ni bora. Watu hawafanyi kwa sababu hawaoni. Huracán pamoja na vioo vyake vya pembeni ina upana wa milimita 2,236. Kwenye nafasi ya mita 2 na nusu, ukigawanya kilichobaki kwa pande mbili, unapata kama sentimita 13 kila upande kutoka kwenye kioo hadi mstari. Bila kamera, dereva anapiga rivasi mara ya kwanza, wa nyuma yake anapiga honi, anakata tamaa, anaingia kwa pua. Kwa kamera, naweka mstari wa kushoto wa sakafuni sambamba na mstari wa mwongozo, vioo vya pembeni nimeviinamisha nione ringi za nyuma, naingia mara moja. Ami mwenyewe, ambaye alikuwa akinipigia simu nije nimwegeshee, siku hizi anaegesha peke yake kwenye jengo la ofisi yake. Aliponiambia nilifurahi kuliko siku tuliyolinunua gari.

Kamera ya mbele nayo tuliongeza baadaye, ndogo, imejificha katikati ya wavu wa chini, na inawashwa kwa swichi. Inanisaidia mahali ambapo hakuna hiari, kama nafasi zenye ukuta wa maua nyuma ambapo moshi wa ekzosi utaunguza mimea, au kwenye mteremko wa kutokea ambapo pua inatazama juu na huoni sakafu iliyo mbele. Lakini haikwambii urefu wa kitu. Kizuizi cha sentimita 8 na cha sentimita 12 kwenye picha vinafanana, na tofauti hiyo ndiyo bei ya mdomo mpya wa kaboni. Ninaitumia kujua kitu kipo, halafu nanyanyua lifti na kusimama mapema. Kama pesa ni ya kamera moja, weka ya nyuma.

Kuhusu bei, msikubali kuongezewa maelfu ya dirhamu kwa sababu muuzaji ameandika “ina kamera” kwenye tangazo. Kamera ya kiwandani inayofanya kazi ni nzuri kuliko ya kufunga, sibishi, kwa sababu imekaa mahali pake na haina gundi wala waya wa ziada. Lakini thamani yake iko chini ya kitabu cha huduma, hali ya breki za kauri, lifti, na historia ya ajali. Mkibishana bei, ikosekane kamera, ombeni punguzo, kisha fungeni yenu.

Matunzo ni kidogo lakini yapo. Vumbi la hapa linakaa kwenye lenzi baada ya kila upepo, na asubuhi za Agosti unyevu unaiziba mpaka uifute kwa kitambaa laini chenye maji, si kikavu, kwa sababu vumbi lile ni mchanga na linachora. Waosha magari nimewaomba wasipige maji ya presha moja kwa moja kwenye taa ya namba. Na kabla ya Ijumaa, wajukuu hawajafika, mimi hupita nikaifuta mwenyewe.