Meza ya Quadrangle Club

Miaka kadhaa iliyopita, mama yangu alipokuja Chicago kunitembelea, mwenzangu mmoja wa idarani alitualika chakula cha mchana katika klabu ya wahadhiri, Quadrangle Club, iliyopo kwenye kona ya mtaa wa 57 na University Avenue. Mama ni mtu wa Tanga. Amezoea kwamba watu hukutana jioni kwenye baraza, mbele ya nyumba, ambapo kila apitaye husalimiwa na anayetaka huketi. Alipanda ngazi taratibu, akaketi, akakunja kitambaa cha mezani mara mbili kama afanyavyo nyumbani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hapa huingia nani?" Nilimjibu haraka haraka kwamba ni mahali pa walimu na majirani. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi, na nimekuwa nikilitafutia lililo bora tangu siku hiyo.

Klabu ilianzishwa mwaka 1893, Chuo Kikuu cha Chicago kikiwa bado kichanga, kwani kilianza kufundisha Oktoba 1892. Rais wa kwanza wa chuo hicho, William Rainey Harper, alikuwa amewakusanya walimu kutoka huku na huku kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, akawaleta Hyde Park, kitongoji ambacho kilikuwa kimeunganishwa na jiji mwaka 1889 tu. Watu hao walikuwa wageni wao kwa wao. Mwanafalaki hakumjua mwalimu wa Kigiriki, na wote wawili hawakumjua mfanyabiashara aliyekaa nyumba ya pili. Ndiyo maana naamini kwamba klabu hii, ambayo leo inaonekana kama anasa, ilianza kama haja ya kweli.

Jumba lake la mwaka 1896 lilichorwa na Charles Atwood, yule yule aliyechora Jumba la Sanaa la Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, ambalo bado limesimama kando ya Ziwa Michigan na sasa ni makumbusho ya sayansi. Mwaka 1922 klabu ilihamia kwenye jengo jipya la matofali mekundu lililochorwa na Howard Van Doren Shaw, ambamo ndimo tulimokula siku ile. Jengo la zamani halikubomolewa. Ilipofika zamu ya kujenga taasisi ya mambo ya kale ya Mashariki ya Karibu mahali hapo, mwaka 1929 lilisogezwa zima zima kuelekea magharibi, na leo linaitwa Ingleside Hall. Nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi bila kujua kwamba nyumba ile iliwahi kusafiri.

Wapo waliokaa kwenye meza hizo ambao dunia nzima inawajua. Albert Michelson, Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya sayansi, mwaka 1907, alipenda kucheza biliadi klabuni. Leo Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Budapest, alikuwa na chumba klabuni, na hiyo ndiyo ikawa anwani yake. Tarehe 2 Desemba 1942, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Stagg Field, wenzake wakiongozwa na Enrico Fermi waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia. Julai 1945 Szilard huyo huyo alizungusha waraka wa kumwomba rais wa Marekani asikimbilie kulitumia bomu la atomiki dhidi ya Japani, na wanasayansi 70 wakautia saini. Nikifikiria mtu anayeshuka kutoka chumbani kwake kwenda kunywa chai huku moyoni amebeba jambo zito kiasi hicho, naielewa thamani ya kuwa na meza ya watu wa kuzungumza nao.

Lakini mwaka ule ule wa 1942 chuo kilimwajiri Allison Davis, mwanaanthropolojia Mweusi, msomi aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba mitihani ya akili waliyopewa watoto ilipima zaidi hali ya nyumbani kwao kuliko uwezo wao. Alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kabisa kupewa kazi kamili ya uhadhiri katika chuo kikubwa cha Wazungu nchini Marekani. Aliruhusiwa kusimama mbele ya darasa. Kwa miaka yake ya mwanzo hakuruhusiwa kuketi kula na wenzake klabuni. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara linanichoma, kwa sababu kumnyima mtu chakula pamoja nawe, baada ya kukubali elimu yake, ni kumwambia kwamba unakitaka kichwa chake bila mwili wake.

Na neno "jirani" nililomjibu mama lilikuwa na mipaka yake. Hati za nyumba nyingi za eneo hili zilikuwa na masharti ya kutowauzia wala kuwapangisha Weusi, na chuo chenyewe kilichangia fedha kwa vyama vya wakazi vilivyoyatetea masharti hayo, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza. Kwa hiyo klabu ya "walimu na majirani" ilikuwa klabu ya majirani waliokwisha kuchujwa kabla hawajafika mlangoni.

Siku ile nilimweleza mama habari za nyumba iliyosogezwa tu, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimetoka kuisikia mezani. Akataka kuiona. Tulitembea polepole mpaka Ellis Avenue, upepo wa Oktoba ukimpeperusha mtandio, akasimama mbele ya Ingleside Hall, akaugusa ukuta kwa kiganja. "Basi kumbe inawezekana," alisema, na tukarudi nyumbani kwa miguu.

Alipopiga simu wiki iliyopita nilimsimulia habari za Davis. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Mwishowe aliketi?" Nikamwambia kwamba mwishowe aliketi.